Mwambie Anayekutwika

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Siku hiyo msimamizi wangu aliniachisha kazi, nami nikamwambia ahsante. Nilimshukuru kwa adabu zote, nikakunja kanga yangu, nikaenda zangu nyumbani. Sasa nilikuwa nashukuru nini?

Kaa nikusimulie ilivyokuwa. Nasikia umepata ajira kule kiwanda cha samaki, kazi ya kusimama kutwa na kunyanyua kreti za barafu. Nasikia pia kwamba siku hizi harufu ya samaki inakukimbiza na chai ya asubuhi haipiti. Mimi sijasema kitu. Nimesema nasikia tu.

Ujana wangu niliumalizia kwenye majaruba ya chumvi, huku kwetu pwani, ukitoka Kiswere kuelekea Lindi. Jua likishayakausha maji ya bahari ndani ya majaruba, wanaume walikuwa wanaikokota chumvi kwa reki na kuilimbika mafungu mafungu. Sisi wanawake tulikuwa tunaizoa kwa makarai, tunatwikana, kisha tunapanda nayo kwenye ukingo mpaka ghalani. Lazima mtwikane, kwa sababu chumvi mbichi bado ina maji na karai lililojaa hulinyanyui peke yako likafika kichwani. Jioni tulikuwa tunapaka miguu mafuta ya nazi, maana maji yale ya chumvi yakikuta mchubuko utaruka. Lakini usinionee huruma. Kazi ile niliipenda, nilikuwa mwajiriwa mwenye mkataba wangu, na mshahara wangu haukuwa unapitia mkononi mwa mtu.

Sasa, nilikuwa na somo yangu, Bi Salima. Nyie wa siku hizi huenda hamjui. Somo ni yule mwanamke mzima ambaye msichana akivunja ungo anakabidhiwa kwake, amfunde mambo ya utu uzima, naye hubaki kuwa mshauri wako mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Bi Salima alinifunda mengi, na mojawapo ni kwamba mimba changa haitajwi. Watu wana macho, watu wana midomo. Mtu akikuuliza mbona umelegea, mwambie unaumwa kidogo, tumbo au kichwa, inatosha. Na mbele ya mwanamume asiyekuwa mumeo ndiyo kabisa, neno hilo halikutoki. Nililishika fundisho hilo barabara. Nilikuwa mwali mzuri sana mimi, ndiyo shida yangu.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Nilikuwa nimebeba karai, nipo katikati ya ukingo, nikasikia maumivu yameshuka kiunoni. Nilifika ghalani, nikamwaga chumvi, nikajitia nakwenda kujisaidia. Msimamizi alikuwa ni Gervas, kijana aliyetoka Songea, mtu mpole tu. Aliponiona narudi nashika ukuta akaniuliza nina nini, nikamwambia naumwa. Akanipa vidonge vya maumivu na kuniruhusu nikapumzike. Wiki nzima watu walinipa pole ya homa. Pole ya mtoto hakunipa mtu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuwapo. Tulikuwa tunalia wawili, mimi na mume wangu Issa, tena kwa sauti ya chini, jirani asisikie. Mwanangu, hilo ndilo lililoniuma kuliko damu.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kinyume. Mimba ya pili ilipoingia nikasema hii nitaificha zaidi, kwa sababu ile ya kwanza bila shaka kuna jicho liliiona. Hata kanga nilikuwa nafunga mbili. Nikipatwa na kizunguzungu naenda kwa Gervas, namwambia naumwa. Miguu ikivimba, naumwa. Nikiona kiuno kinaanza kunivuta, nalikimbia karai, naumwa. Naye kila mara ananiruhusu. Kuna siku alininunulia dawa ya malaria kwa pesa yake mwenyewe, akanisisitiza niimalize yote. Niliificha chini ya godoro.

Basi asubuhi moja akaniita pembeni ya ghala.

"Dada Mwajuma," akasema, "mimi nakuonea huruma. Wewe kila mara unaumwa. Kazi hii inataka mtu mwenye afya. Nafasi yako nimempa mwingine, nenda ukajitibu vizuri. Ukipona, njoo tuzungumze."

Hapo ndipo niliposema ahsante.

Njia nzima nilikuwa natafuta wa kumlaumu, simpati. Gervas amesema nini kibaya? Mtu mgonjwa amemwambia akajitibu. Mgonjwa niliyemuumba mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Na wakati huo tumbo ni la miezi mitano, Issa ni fundi baiskeli ambaye wateja wake wengi hulipa kwa ahadi, na kazi nyingine ambayo ningeipata ni ya kibarua cha kutwa, kupasua kokoto au kubeba maji ya ujenzi. Yaani mimba ile ningeihamisha kutoka kwenye chumvi nikaipeleka kwenye mawe.

Nikapitia kwa Bi Salima. Nilimkuta barazani kwake anasuka ukili. Nikamsimulia yote, na wala sikuwa na haja ya kumwambia kwamba nina mimba, alishaijua kwa mwendo wangu. Alinisikiliza bila kuuacha ukili wake.

"Nani alikwambia umwambie Gervas unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia ni yeye, somo yangu.

Akauweka ukili chini. Mwanangu, mama yule alikuwa hagombi mara kwa mara, na siku akigomba hapazi sauti. "Mimi nilikufunda uifiche kwa majirani," akasema. "Jirani hakubebeshi kitu. Gervas ndiye anayekutwika. Mtu anayekutwika asipojua hali yako, atakutwika mpaka uanguke, na kosa halitakuwa lake."

Nikamuuliza, na jicho je? Na midomo ya watu?

"Jicho niachie mimi, najua dua yake. Karai la chumvi sina dua yake."

Halafu akanisonya. Kuna misonyo ya dharau na kuna misonyo ya mapenzi. Ule ulikuwa wa mapenzi, lakini uliniingia. Akaniambia nianze zahanati, nipimwe, nipate cheti, kisha nirudi kazini nikaseme. Nikamwomba anisindikize nitakapokwenda kusema. Akakataa. Alisema mdomo niliotumia kumwambia Gervas naumwa ulikuwa wangu, na huo huo ndio utakaokwenda kusahihisha.

Zahanati nilimkuta muuguzi mmoja binti mdogo. Baada ya kunipima nikamweleza kwamba natafuta cheti ili nikaombe ruhusa ya uzazi kazini. Yeye akasema neno ambalo lilinifungua macho. Aliniambia siendi kuomba. Ruhusa huombwa, na mwenye nayo anaweza kukunyima. Likizo ya uzazi sheria imeshaitoa, mimi kazi yangu ni kutoa taarifa, tena mapema, isipungue miezi mitatu kabla ya siku ya kujifungua, na cheti cha hospitali kikiwa mkononi. Akaniambia pia kwamba mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito kazi inayomhatarisha yeye au mtoto. Ikiwa ipo nyingine inayomfaa, ampe hiyo, na masharti yake yasishuke kwa sababu ya mimba. Nikamuuliza, na akikataa? Akasema afisa kazi yupo Lindi, na mlango wake uko wazi kwa kila mwajiriwa.

Sikusomea sheria, mwanangu, na sijifanyi naijua. Lakini tofauti ya kuomba na kutoa taarifa niliielewa siku hiyo hiyo. Nilitoka zahanati nimenyooka mgongo.

Kesho yake alfajiri nikaenda kazini. Nikamwonyesha Gervas cheti. Alikisoma, akaniangalia, akakisoma tena, akakaa juu ya gunia. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli. Kisha akasema hana la kufanya, mtu mwingine ameshaajiriwa, na kwa mwanamke kazi iliyopo ni kubeba. Nikamwambia kuna kushona magunia. Pale ghalani kulikuwa na kazi ya kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya chuma, umekaa kivulini. Gervas akasema hiyo ni kazi ya wanaume. Nikamuuliza shazia inashikwa na nini kama si mkono. Hakucheka. Akasema uamuzi si wake, ni wa tajiri mwenye majaruba, na tajiri atakuja keshokutwa.

Nikamwambia basi nitamsubiri. Nikakaa mlangoni mwa ghala.

Nilikaa siku ile, na siku ya pili nikaja nikakaa. Kukaa bure unaangalia wenzako wakifanya kazi ni adhabu kubwa kuliko kazi. Wanawake walikuwa wananipita na makarai yao wakiangalia mbele, kwa adabu ileile ya kwetu ya kutoona kisichosemwa. Aliyepewa nafasi yangu alikuwa Zainabu, msichana wa Kinjumbi, ameolewa huku si muda mrefu. Yeye ndiye alikuwa ananikwepa zaidi. Akinipita anainamisha macho mpaka karai linayumba. Moyo wangu ulikuwa mchungu juu yake, nisikufiche. Nilimwona kama mtu aliyekalia kiti changu kikiwa bado na joto.

Siku ya tatu tajiri akaja. Alikuwa mzee wa Lindi, mtu wa msikitini, mwenye heshima zake. Hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mfanyakazi. Gervas alikuwa ameshamnong'oneza, lakini nadhani na yeye lile neno lilimshinda kulitamka, maana mzee alinijia na uso wa kumtazama mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Nimeambiwa huna afya, mwanangu. Pole sana. Unaumwa nini?"

Wenye reki walisimama. Wenye makarai walipunguza mwendo. Mwanangu, nilihisi ulimi umekuwa mzito kuliko karai lolote nililowahi kubeba. Ilikuwa rahisi mno kusema tumbo, nikapewa pole na nauli, yakaisha. Nikamkumbuka mtoto wangu wa kwanza, aliyepita bila mtu kumjua. Nikasimama.

"Siumwi, mzee. Nina mimba ya miezi mitano. Ya kwanza iliharibika hapa hapa ukingoni nikiwa nimebeba karai, na hamkujua kwa sababu sikusema. Hii nasema. Sitaibeba pamoja na chumvi. Naomba nishone magunia, na siku zangu zikifika nitakwenda likizo ya uzazi, halafu nitarudi kazini kwangu. Cheti hiki hapa. Ukikataa, nitakwenda kwa afisa kazi Lindi, na sitakwenda kwa siri."

Nikamkabidhi.

Tajiri aliangalia chini. Aliona aibu kwa ajili yangu. Akasema maneno kama yale hayasemwi mbele ya kadamnasi, angalau ningemtuma mume wangu. Nikamwambia mume wangu habebi chumvi. Akavuta pumzi, akasema yeye si mtu mbaya, lakini nimfikirie na yeye, kila mwanamke akidai kivuli nani atabeba? Wakati huo Zainabu alikuwa anafika mlangoni na karai lake limejaa. Tajiri akamnyooshea mkono.

"Mtazame mwenzako huyu. Anabeba, hasemi kitu."

Zainabu akasimama. Shingo imekaza, maji ya chumvi yanamchuruzika mpaka kwenye nyusi. Akageuka kwa mwanamke aliyekuwa karibu naye.

"Nitue," akamwambia.

Yule mwenzake akamtua karai. Zainabu akalegeza kanga aliyoibana tumboni, akaacha tumbo lionekane. Lilikuwa kubwa kuliko langu.

"Na mimi," akasema.

Gervas alishika kichwa. Tajiri alimwangalia Zainabu, akaniangalia mimi, akaangalia lile karai chini, kisha akaondoka polepole kwenda kuyatazama majaruba, na Gervas nyuma yake. Walizunguka huko muda mrefu wakizungumza. Sisi wawili tulibaki mlangoni. Nilitaka kumwomba Zainabu radhi kwa yote niliyokuwa nikimfikiria, lakini yeye alikuwa analia, basi nikamshika mkono tu.

Gervas aliporudi alitupita mlangoni. Aliingia ghalani, akatoka na shazia mbili na kitita cha nyuzi, akatuwekea miguuni.

Tulishona magunia yale mpaka siku zetu zilipofika. Nilikwenda likizo na mshahara wangu ukaja, nikarudi. Nilikuwa naachiwa muda wa kutoka kwenda kunyonyesha, maana na huo nao upo kwenye sheria. Mtoto wangu ndiye huyu Rehema anayekupita kwa urefu na kwa maneno. Tajiri hakuwahi kulitaja jambo lile tena, ila tangu hapo Gervas akifuatwa na mwanamke mwenye mimba alikuwa anajua pa kumweka. Kwetu watu walisema sana. Kuna shangazi yangu mmoja alitangaza kwamba sina haya, nimeitaja mimba mbele ya wanaume wenye reki. Walisema, wakachoka, wakapata mengine ya kusema.

Na nyie wa leo msidhani mmetupita. Mnapiga picha matumbo, mnaweka kwenye simu, dunia nzima inaona, mashoga zenu wa Dar wanatuma maua. Nikiuliza, na msimamizi wako umemwambia? Naambiwa, bado bibi, naogopa ataniondoa. Mmewaambia wote isipokuwa yule mmoja anayewabebesha kreti. Sisi tulikosea, lakini kukosea kwetu angalau kulikuwa na mantiki.

Basi nisikilize vizuri. Nenda kliniki mapema, upate cheti. Nenda kwa mkubwa wako wa kazi na umwambie, ukilitaja jambo kwa jina lake, nina mimba. Usiseme huna raha, usiseme unaumwa, usimwachie akisie. Taarifa ya likizo itoe kabla ya ile miezi mitatu ya mwisho, na ubaki na nakala yako. Likizo yenyewe ni siku themanini na nne zenye mshahara, na ukijaliwa mapacha ni mia moja, usikubali mtu azikate kana kwamba anakukatia mkate wake. Kazi inayokuumiza ikatae kwa adabu, na papo hapo mwonyeshe nyingine unayoweza kuifanya, maana utaijua kazi ya pale kuliko anayekusimamia. Akikataa, kuna chama cha wafanyakazi, kuna afisa kazi. Usirudi nyumbani ukisema ahsante.

Haya yako ya kike itunze, ni mali. Usiitumie kumficha mtoto kwa mtu ambaye mkono wake ndio utakaomlinda au kumwangamiza.

Ukifika huko usinong'one. Sema kwa sauti ya kawaida, aliye karibu asikie. Nimeishi nikijiuliza Zainabu angebeba mpaka lini kama mimi ningejibu kwamba ni tumbo.

Mwenyezi Mungu akupe wepesi, mwanangu. Akulindie kiuno chako na riziki yako, asikutenganishe na kimojawapo. Akufungue salama, wewe na mwenzako wa meza ya jirani pale kiwandani, ambaye huenda naye ana mimba na bado hajasema.